Jinsi Kirusi cha Ukimwi Kinavyokata na Kuunga RNA Yake: Mwongozo Kamili kwa Utepe wa Sentimita 92

Ukipita Soko la Kibuye siku ya Jumapili, upande wa vitambaa, utapata utepe mweupe unaouzwa kwa mita. Nunua mita moja. Ukifika nyumbani pima sentimita 92 na uweke alama. Kile kipande kinachozidi usikitupe, kitakuwa mkia. Utepe huo ndio RNA nzima ya kirusi cha ukimwi, yaani uzi wa maelekezo yake ulioandikwa kwa herufi nne, A, C, G na U, kwa kipimo cha sentimita moja kwa kila herufi 100.

Nimefundisha somo hili hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, mara nyingi kwa wanafunzi wa maabara wanaojiandaa kwa mitihani, na mara mojamoja kwa wahudumu wa afya ya jamii wanaotaka kujua zaidi ya yale yaliyobandikwa ukutani kliniki. Wengi huja wamekariri majina tisa ya jeni: gag, pol, env, tat, rev, vif, vpr, vpu, nef. Wanayataja kwa mfululizo kama mtoto anayetaja siku za juma. Lakini ukiwauliza kirusi chenye uzi mmoja tu wa RNA kinazipataje protini zote hizo, chumba kinanyamaza. Hapo ndipo ninapotoa utepe.

Kandokando ya ziwa letu, kuanzia Busia hadi Migori, ni vigumu kupata ukoo ambao haujamzika mtu kwa sababu ya kirusi hiki. Naona ni haki yetu kukijua hadi herufi yake ya mwisho, tena kwa lugha tunayoongea sokoni.

Mbali na utepe, tafuta kalamu za wino usiofutika za rangi tatu, vibanio sita vya nguo, sindano na uzi, na kifungo kimoja chekundu cha shati. Rula yoyote itafaa, ingawa futi ya fundi cherehani ni bora zaidi kwa sababu inalala sambamba na utepe wote.

Mkasi uweke mbali. Mara ya kwanza nilipofundisha hivi nilitumia mkasi kwelikweli. Nikakata, nikaunga kwa gundi, nikapata ujumbe mmoja mzuri wa protini moja, na vipande vingine vikawa takataka mezani. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe kirusi kinachana RNA moja kisha kila kipande kinatoa protini yake." Sivyo hata kidogo, na kosa lilikuwa langu. Seli iliyoambukizwa hutoa nakala nyingi za RNA hiyohiyo ndefu, na kila nakala hukatwa kwa namna yake au huachwa bila kukatwa. Tangu siku hiyo sikati, nakunja. Utepe uliokunjwa unaweza kukunjuliwa ukawa nakala nyingine.

Hatua ya kwanza: ujue mkasi ni wa nani

Kirusi hakina mkasi wake. Kikiingia ndani ya seli ya damu, kimeng'enya chake cha kunakili kinyume hugeuza RNA kuwa DNA. Ugunduzi huo wa mwaka 1970 wa Howard Temin na David Baltimore ulishangaza dunia, kwani ilidhaniwa kwamba habari hutoka DNA kwenda RNA tu. DNA hiyo huchomekwa katikati ya DNA ya seli, na kuanzia hapo seli huisoma kama jeni yake yenyewe: inatoa RNA, inaivisha kofia mwanzoni na kuifunga mkia wa herufi A mwishoni.

Sasa, jeni nyingi za binadamu zimeandikwa kwa mapande. Kuna sehemu za maana, ziitwazo eksoni, na katikati yake kuna sehemu za kuondolewa, ziitwazo introni. Ndani ya kiini cha seli kuna mtambo unaoitwa spliseosomu, unaokata introni na kuunga eksoni kabla ujumbe haujatoka kwenda kusomwa. Phillip Sharp na Richard Roberts waliligundua jambo hili mwaka 1977, na hawakuligundua kwa binadamu bali kwa kirusi cha mafua kiitwacho adenovirusi.

Mtambo huo hufuata alama. Introni karibu zote huanza na herufi GU na kuishia na AG. Kabla kidogo ya ile AG ya mwisho kuna herufi A moja inayojipinda nyuma na kuishika G ya mwanzo, na kipande chote kinakuwa kitanzi, kama kamba ya kumfungia mbuzi malishoni. Eksoni mbili zinaungana, kitanzi kinatupwa. Mahali introni inapoanzia tutapaita mdomo wa kutoa, alama D. Mahali inapoishia tutapaita mdomo wa kupokea, alama A. Kumbuka jambo moja, kwa sababu ndilo linaloshikilia somo zima: kwa RNA ya kawaida mtambo huu hukata kila introni, na RNA ambayo haijamaliza kukatwa huzuiliwa mle ndani ya kiini. Kirusi kinahitaji kinyume chake. Kinataka nakala nyingine zikatwe zote, nyingine nusu, na nyingine zisiguswe kabisa.

Hatua ya pili: anza na kirusi cha kuku

Usirukie kirusi cha ukimwi kabla hujaona kilicho rahisi. Mwaka 1911, kule New York, Peyton Rous alionyesha kwamba uvimbe wa kuku mmoja ungeweza kuhamishiwa kuku mwingine kwa majimaji yaliyochujwa seli zote. Kirusi hicho na ndugu zake wanaosababisha saratani ya damu kwa kuku ni retrovirusi, yaani virusi vinavyogeuza RNA yao kuwa DNA kama kile cha ukimwi. Ninapofundisha watu kutoka Kakamega na Vihiga, kuku huamsha darasa mara moja.

Ndugu wa kawaida wa kirusi cha Rous wana jeni tatu tu: gag hutengeneza mwili wa ndani wa kirusi, pol hutengeneza vimeng'enya, na env hutengeneza ngozi ya nje. RNA isiyokatwa husomwa kupata gag na pol. RNA iliyokatwa mara moja, ikarukishwa juu ya gag na pol, husomwa kupata env. Basi. Mdomo mmoja wa kutoa, mmoja wa kupokea.

Kuna jambo dogo hapo ambalo hunifurahisha kila nikilieleza. Katika kirusi hiki cha kuku mdomo wa kutoa haupo kabla ya gag bali ndani yake, herufi 18 baada ya ishara ya kuanza. Herufi tatu hutoa asidi amino moja, yaani tofali moja la protini, kwa hiyo protini ya env ya kuku huanza na asidi amino sita ilizoazima kutoka gag. Ishara ya kuanza ni moja, protini mbili zinaitumia.

Hatua ya tatu: weka alama kwenye utepe

Rudi kwenye utepe wako wa sentimita 92. Vipimo hivi nimevitoa kwenye mfuatano wa HXB2, ambao watafiti wa dunia nzima huutumia kama ramani ya kulinganishia. Midomo ya kutoa andika kwa kijani, ya kupokea kwa bluu, na jeni kwa nyeusi.

Midomo ya kutoa: D1 kwenye sm 2.9, D2 kwenye 45.1, D3 kwenye 50.1, D4 kwenye 55.9.

Midomo ya kupokea: A1 kwenye sm 44.6, A2 kwenye 49.4, A3 kwenye 53.2, kisha A4 tatu zilizobanana kati ya 54.8 na 55.1, A5 kwenye 55.2, na A7 kule mbali kwenye 79.2.

Jeni: gag 3.4 hadi 18.4, pol 16.3 hadi 46.4, vif 45.9 hadi 51.6, vpr 51.0 hadi 54.0, vpu 56.1 hadi 58.6, env 57.7 hadi 83.4, nef 83.4 hadi 89.6. Tat na rev zimeandikwa kwa mapande mawili kila moja. Tat huanza 53.8, hufika 55.9, huruka, kisha huendelea kuanzia 79.2. Rev huanza karibu 55.2, hufika 55.9, huruka vilevile, na kuishia 82.0.

Ukimaliza, utaona jeni zinapandana. Mwisho wa gag umelaliwa na mwanzo wa pol, na sehemu ya pili ya tat na rev imo ndani ya env. Si kosa la rula yako. Herufi husomwa tatutatu, na ukianza kusoma herufi moja mbele au nyuma unapata maneno mengine kabisa. Kirusi kimebana shamba dogo, kikapanda mahindi na maharage kwenye tuta moja.

Mwisho, chukua sindano na ushone kifungo chekundu kati ya sm 72.6 na 76.1. Usiulize sasa ni cha nini. Na kati ya 2.4 na 3.6 chora kamstari ka wimbi. Hiyo ni alama ya kufungashia, nayo tutairudia.

Hatua ya nne: kunja

Ujumbe wa kwanza haukunjwi. Acha utepe mzima. Mtambo wa kusoma, ribosomu, huanzia kwenye kofia, husogea hadi ishara ya kuanza ya gag kwenye 3.4, na kusoma protini ya gag. Pol haina ishara yake ya kuanzia. Ribosomu ikifika sm 16.3 hukuta mfululizo wa U sita na A moja, na hapo pana utelezi kama wa njia ya udongo wa mfinyanzi baada ya mvua. Takriban mara moja kati ya 20 ribosomu huteleza nyuma herufi moja, na kuanzia hapo inasoma pol badala ya kumalizia gag. Ndiyo maana kirusi hupata gag nyingi, za kujengea mwili, na pol chache, kwa sababu vimeng'enya havihitajiki vingi. Hakuna ukataji hapa, lakini usipoujua utelezi huu utahangaika kutafuta ujumbe wa pol ambao haupo.

Ujumbe wa pili: shika alama ya D1, ilete hadi A5, zigusane, ubane kwa kibanio. Kile kinachoning'inia chini ni kitanzi cha kutupwa, nacho kimebeba gag, pol, vif na vpr zote. Pima kilichobaki: karibu sm 40, yaani herufi 4,000. Huu ndio ujumbe wa vpu na env kwa pamoja. Ishara ya kuanza ya vpu ni dhaifu, ribosomu nyingi huipita bila kusimama na kuanza kusoma kwenye env. Protini ya env ikishasomwa hukatwa na kimeng'enya cha seli kuwa gp120, inayoishika seli mpya, na gp41, inayofungua mlango.

Kunja vilevile D1 na A1 upate ujumbe wa vif, karibu sm 50. D1 na A2 hukupa vpr, kama sm 45 na nusu. Vitabu huita kundi hili lote "herufi 4,000", nami nimeona wanafunzi wakichanganyikiwa wakipima 50. Jina ni la jumla tu. Rula yako haijakosea.

Ujumbe wa tatu unahitaji vibanio viwili. Acha kile cha D1 na A5, kisha leta D4 hadi A7 ubane tena. Sasa umebaki na kautepe ka sm 16 na ushei. Angalia kilichotoweka: ishara ya vpu na sehemu kubwa ya env zimo kwenye kitanzi cha pili. Ribosomu ikiingia kwenye kofia haikuti ishara nzuri hadi nef. Huu ni ujumbe wa nef.

Hamisha kibanio cha kwanza kutoka A5 kwenda A3, cha pili kibaki palepale. Sasa ishara ya kwanza ambayo ribosomu inakutana nayo ni ya tat, na pande zote mbili za tat zimekutana. Umeona? Kuhamisha kibanio kimoja kwa sentimita mbili kumebadilisha protini nzima.

Hatua ya tano: milimita nne za kuangalia kwa makini

Hapa simama. Nimewaona watu wenye shahada wakipita mahali hapa haraka na kukosea.

Weka jicho karibu na utepe kati ya 54.8 na 55.2. Kwenye milimita nne, yaani herufi 40 tu za RNA, kuna midomo minne ya kupokea: A4c, A4a, A4b na A5. Na katikati yake, kati ya A4b na A5, kuna ishara ya kuanza ya rev. Ishara hiyo ina herufi tatu, nayo imetangulia A5 kwa herufi sita pekee.

Maana yake ni hii. Mtambo ukikata D1 na kuunga kwenye mojawapo ya zile A4, ishara ya rev inabaki upande wa ujumbe, na seli inatengeneza Rev. Ukiunga kwenye A5, ishara ya rev inatupwa pamoja na kitanzi, na ujumbe huohuo unakuwa wa nef, au wa env kama D4 haikukatwa. Herufi sita ndizo zinazotenganisha uhai na ukimya wa protini ambayo, kama utakavyoona, kirusi hakiwezi kuzaliana bila hiyo.

Miaka yangu ya mwanzo nilichora rev ikianzia A5, kwa sababu kwenye utepe alama zimebanana na macho hayaoni tofauti. Mama mmoja mhudumu wa afya ya jamii kutoka Nyalenda, aliyekuwa akishona nguo jioni, ndiye aliyenishauri: "Mwalimu, hapo chora kwenye kitambaa kingine, ukuze mara kumi." Nikafanya hivyo. Na wewe fanya: chukua karatasi, pima sentimita moja kwa kila herufi kumi, uchore kipande hicho peke yake. Anza A4c kwenye sifuri. A4a iko sm 1.8, A4b iko 2.4, ishara ya rev iko 3.4, A5 iko 4.0.

Hatua ya sita: hesabu jumbe zote

Kati ya A1 na D2 kuna kijisehemu cha herufi 50 hivi, na kati ya A2 na D3 kingine cha herufi kama 74. Vipande hivi vinaweza kuingia kwenye ujumbe au kurukwa. Kwa hiyo kutoka D1 hadi A3, kwa mfano, kuna njia nne: moja kwa moja, kwa kupitia kijisehemu cha kwanza, kwa kupitia cha pili, au kwa kupitia vyote viwili. Jaribu kila njia kwa vibanio.

Midomo ya kuishia ni mitano: A3, A4 tatu, na A5. Tano mara nne ni 20. Kila mmoja kati ya hizo 20 unaweza kukatwa tena kati ya D4 na A7 au kuachwa: 40. Ongeza RNA isiyokatwa, wa vif, na njia mbili za vpr, na tayari umepita 40, hesabu inayolingana na ile iliyopatikana maabara. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii kwa mikono yake haisahau hata akiamshwa usiku.

Lakini si zote zinatoka kwa wingi sawa. D1 ni mdomo wenye nguvu. Herufi zake zinakaribiana sana na zile ambazo spliseosomu inazipenda. Midomo ya kupokea, kinyume chake, ni dhaifu. Kwa kawaida kabla ya AG ya mwisho huwa na mfululizo wa herufi C na U, na kwenye kirusi hiki mfululizo huo umechomekwa A na G hapa na pale, mtambo unasita. Tena ndani ya RNA kuna maeneo yanayoita protini za seli zinazohimiza ukataji, na mengine yanayoita zinazouzuia. Matokeo yake karibu nusu ya RNA ya kirusi hubaki haijakatwa. Watafiti wameharibu baadhi ya maeneo ya kuzuia kwa makusudi: ukataji ukazidi, RNA nzima ikapungua, na kirusi kikashindwa kuzaliana. Udhaifu wa midomo yake ndio unaokiweka hai.

Hatua ya saba: kifungo chekundu

Sasa kunja utepe mara tatu, kwa zamu: mzima, kisha D1 na A5 tu, kisha D1 na A5 pamoja na D4 na A7. Kila mara tafuta kifungo. Mara mbili za kwanza kipo, kinaonekana juu ya ujumbe. Mara ya tatu kimeingia kwenye kitanzi.

Kifungo hicho kinaitwa RRE, eneo la herufi kama 350 linalojikunja kama ngumi. Ndiyo kishikio cha protini ya Rev.

Fuata mpangilio wa wakati. Mwanzoni, kirusi kinapoanza kusomwa, jumbe zote zenye kifungo zimezuiliwa kwenye kiini kwa sababu hazijamaliza kukatwa. Zile fupi, zilizokatwa zote, hutoka kama jumbe za kawaida za seli. Kwa hiyo protini tatu hutangulia: Tat, Rev na Nef. Tat hurudi kwenye kiini na kuchochea usomaji wa DNA ya kirusi, RNA ikamiminika. Rev nayo hurudi kwenye kiini. Moja ikishika RRE, nyingine zinaishikilia ile ya kwanza, zinapangana, kisha zinajiunga na CRM1, protini ya seli inayobeba mizigo kutoka kiini. RNA ndefu inatolewa nje kabla mkasi haujaifikia. Hapo ndipo gag, pol, env, vif, vpr na vpu zinapoanza kutengenezwa.

Rev ikiwa chache hakuna kinachotokea. Ikifika kiwango fulani mlango unafunguka. Na ujumbe wa Rev wenyewe hauna kifungo, kwa hiyo hauhitaji Rev ili utoke. Ungekuwa nacho, kirusi kingekwama siku ya kwanza.

Si retrovirusi vyote vyenye Rev. Kirusi kimoja cha nyani kiitwacho Mason-Pfizer hakina protini ya namna hiyo. RNA yake ina eneo linaloshika moja kwa moja mchukuzi wa kawaida wa jumbe za seli. Kirusi cha HTLV-1, retrovirusi nyingine ya binadamu, kina Rex, inayofanya kazi kama Rev. Tatizo ni moja kwao wote: kuitoa RNA ambayo haijakatwa.

Na ule mstari wa wimbi? Alama ya kufungashia ipo pande zote mbili za D1. Ukikata popote kuanzia D1, nusu yake inatupwa. RNA nzima peke yake ndiyo yenye alama kamili, na kila kirusi kipya hufungasha nakala mbili za hiyo.

Hatua ya nane: hakikisha kwenye mfuatano halisi

Ukiwa na simu au kompyuta yenye intaneti, fungua GenBank, hazina ya mifuatano ya jeni mtandaoni, na utafute namba K03455. Ni bure. Utapata herufi 9,719 za DNA, kwa hiyo penye U utaona T. RNA huanzia herufi ya 455. Ukitaka kulinganisha na utepe, toa 454 kisha ugawe kwa 100.

Tafuta CTGGTGAGTACG. Mkasi unapita baada ya CTG, kwenye herufi ya 743, na GTGAGT inayofuata ndiyo mwanzo wa introni. Endelea mbele herufi 46 na utakuta ATGGGTGCGAGAGCG. Hiyo ATG ndiyo ishara ya gag. Sasa unaona kwa macho yako kwa nini kila ujumbe uliokatwa hupoteza gag: mkasi umepita kabla yake.

Usishtuke ukikuta vpu ya HXB2 haina ishara kamili ya kuanza, vpr imezidi herufi moja, na nef imekatika mapema. Ni kasoro za nakala hiyo iliyokuzwa maabara. HXB2 pia ni wa aina B, wakati hapa Kenya aina A ndiyo inayotawala, pamoja na C, D na michanganyiko yao. Namba zitasogea kidogo ukitumia mfuatano wa kwetu, mpangilio wa midomo hautabadilika.

Kwa mwenye nafasi ya maabara yenye ulinzi unaofaa, praima mbili, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kuanzia kunakili, zinatosha kuona makundi. Ya mbele iweke kabla ya D1, ambako jumbe zote zinafanana. Ya nyuma ukiiweka baada ya A7 na ukatumia muda mfupi wa kurefusha, utaona mistari ya kundi fupi kwenye jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu wake. Ukiiweka mara baada ya D4, ndani ya kitanzi cha pili, kundi fupi halitaonekana kabisa, kwa sababu eneo hilo halimo ndani yake. Kabla ya kuagiza praima yoyote, ibandike kwanza kwenye utepe kwa kibanio. Nimeona pesa za mradi zikipotea kwa praima iliyowekwa mahali ambapo mkasi hupita.

Hatua ya tisa: rudi kliniki

Vidonge vingi vinavyotolewa hapa leo vimeunganisha tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mbili za kwanza huzuia kunakili kinyume, ya tatu huzuia DNA ya kirusi isichomekwe kwenye DNA ya seli. Zote zinafanya kazi kabla utepe wetu haujatokea. Seli ambayo tayari imechomekwa DNA inaweza kuendelea kukata na kuunga hata mgonjwa akimeza dawa vizuri, na hiyo ni sababu mojawapo ya dawa kuwa za maisha. Dawa ya ABX464, inayoongeza ukataji wa RNA ya kirusi, ilijaribiwa kwa wagonjwa, lakini haikufika kwenye rafu za famasi kwa ajili ya ukimwi.

Na mtu akitolewa damu ya kupima wingi wa virusi, kisha sampuli ikasafirishwa hadi maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iliyoko Kisumu au Alupe, mashine huhesabu RNA iliyo ndani ya virusi vinavyoelea kwenye majimaji ya damu. Mwulize mwanafunzi wako ni utepe gani kati ya ile aliyokunja unaohesabiwa pale. Akifungua vibanio vyote na kuunyoosha mezani, kifungo kikiwa juu na mstari wa wimbi ukiwa mzima, amejibu.